Ndege Sita wa Usiku Wanaokuona Wewe Usiyewaona

Bundi amesingiziwa mengi pwani: uchawi, misiba, hata kifo cha jirani aliyekuwa mgonjwa mwaka mzima. Kosa lake halisi ni moja tu, kujificha kuliko mdaiwa mwisho wa mwezi. Yeye na wenzake wa usiku hushinda mchana kutwa wametulia mbele ya macho ya watu. Nimewapanga sita, kuanzia wa rahisi hadi wa kukutoa jasho. Chaji kamera, funga mdomo, twende.

6. Bundi wa Verreaux

Huyu ndiye mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, hufikia sentimita 66. Ukimkosa, usimlaumu yeye. Mchana hulala kwenye migunga mikubwa, na Baringo ni mahali pazuri pa kumtafuta. Anza kwa kutazama chini: kinyesi cheupe, na vibonge vya mifupa na manyoya alivyotapika. Kisha inua macho taratibu na usubiri afumbe jicho. Kope zake ni za waridi, na hakuna saluni iliyompaka.

5. Chekeamwezi

Mwili wa rangi ya nyasi kavu, miguu mirefu, macho makubwa ya manjano. Kila kitu kimekubali kujificha isipokuwa macho. Angalia kivulini chini ya vichaka, lala kifudifudi, piga. Tuendelee.

4. Bundi mwenye uso mweupe

Akihisi hatari hubana manyoya, hujirefusha, macho yanabaki mistari miwili. Bundi katoweka, limebaki tawi. Wapiga picha wengi hulisifu pozi hilo. Mimi silitaki, kwa sababu ni pozi la hofu. Ukiliona, ujue umekaribia mno. Rudi nyuma mpaka anenepe tena.

3. Bundi wa Pemba

Dunia nzima hii, naye kachagua kisiwa kimoja. Yupo msitu wa Ngezi, na hata kwenye mashamba ya mikarafuu. Hapa sikio hutangulia jicho: simama kimya giza linapoingia, sikiliza sauti inatoka upande gani, ndipo uwashe tochi yenye mwanga hafifu. Tafadhali, usimchezee sauti iliyorekodiwa kwenye simu tena na tena. Anadhani mpinzani kavamia kwake, anaacha kuwinda, anakuja kugombana na simu yako.

2. Kirukanjia

Kwa huyu vua kofia. Hajengi kiota, hutaga mayai chini kwenye ardhi tupu na kuyalalia hapo hapo, akiamini manyoya yake yatamlinda. Utafiti uliofanywa Zambia na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha jambo la ajabu: kila ndege huchagua mahali panapofanana na manyoya yake mwenyewe, si ya jamii yake kwa jumla tu. Wewe umenunua shati la kijani ukajiona hodari!

Kwa sababu anauamini ufundi huo, haruki mpaka unyayo wako umfikie. Kwa hiyo mchana tembea polepole, uache kutafuta rangi. Tafuta umbo: mstari wa bawa, ncha ya mkia, jicho lililofumbwa nusu katikati ya majani makavu. Usiku, shika tochi usawa wa jicho lako. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, nawe utaona kaa la moto limelala barabarani. (Dereva, punguza mwendo. Wengi hufia hapo hapo.) Kupiga picha, lala chini lenzi iguse nyasi, na flashi ibaki mkobani. Akiwa juu ya mayai, achana naye kabisa. Akikimbia, mayai hayana ukuta wala paa.

1. Bundi wa Sokoke

Mfalme wetu ana sentimita 17 hivi na uzito wa gramu 50 hivi. Sayansi ilimpa jina mwaka 1966 tu. Anaishi Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, na pia kwenye miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yupo wa kijivu, wa kahawia na mwekundu wa kutu. Ukikomaa kumtafuta wa kijivu, mwekundu yuko ubavuni mwako, anasinzia.

Sokoke, tazama udongo kwanza. Kwenye mchanga mweupe wa mirihi unapoteza muda. Yeye hukaa vichaka vya Cynometra, kwenye udongo mwekundu. Ukisikia chozi na shore wanapiga kelele mahali pamoja mchana, sogea, kwani huenda wamemgundua bundi na wanamsuta. Bora zaidi, nenda na mwongozaji wa hapo hapo, anayevijua vichaka kimoja kimoja.

Ukimpata, weka kamera kwenye stendi na ulenge fokasi kwa mkono, maana mashine itashika kijiti kilicho mbele na kumwacha mwenyewe. Hasogei, kwa hiyo hata kasi ya 1/30 inatosha. Piga chache, uondoke amelala vile vile.

Ndege huyu yuko hatarini kutoweka, na vichaka anavyovitegemea hukatwa. Lipa kiingilio cha msitu na ujira wa mwongozaji bila kubembelezana bei. Ukiionyesha picha yako, taja msitu, usitaje mti.