Banda Linalotembea, Likitaka

Huko Virginia, Marekani, katika bonde la Shenandoah, yuko mkulima aitwaye Joel Salatin ambaye amesifika kwa kuwahamisha kuku wake kila siku. Huwaweka kama 75 katika kizimba kisicho na sakafu, mita tatu kwa tatu na nusu hivi, kimo sentimita 60, na kila kukicha anakikokota hadi kwenye majani mapya. Kuku wanadonoa wadudu, wanaacha mbolea, wanasonga mbele. Nilipoona picha za kizimba hicho niligundua kasoro moja tu: hakikuwa Lubumbashi.

Kasoro ya pili aliiona mama mkwe. Aliitazama picha kwa muda, akauliza: «Na hii majani, utaitosha wapi?»

Swali lilikuwa la haki. Parseli zetu hufagiliwa. Mwanamke wa Lubumbashi anayejiheshimu hataki kuona jani uani. Anataka udongo mwekundu wenye mistari ya ufagio, maana majani huleta nyoka, na nyoka huleta maneno ya majirani. Tena kuna sehemu za mji ambazo majani yenyewe yamekataa. Penga Penga, mtaa uliokaa upande ambako upepo ulikuwa ukipeleka moshi wa kiwanda cha shaba, wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikwenda kufanya majaribio ya kuotesha majani na miti kwenye udongo ulioharibiwa na metali. Yaani jani lisiote mpaka uwe profesa.

Sisi, kwa bahati, tunakaa upande wa barabara ya Kasapa, ambako mji na pori bado hawajamaliza kesi yao. Nyuma ya parseli majani yapo. Ila penye majani pana wenyewe. Mchana kuna mwewe, hasa kuanzia Agosti wanaporudi kutoka safari zao, na nguchiro, ambaye hana haya ya kufanya kazi jua likiwaka. Usiku kuna kanu, mrefu, mwembamba, mwenye madoadoa, anayepita mahali ambapo ungeapa mkono wako haupiti. Panya wanachukua vifaranga. Nyoka anachukua mayai. Na kuna mnyama mwingine, wa miguu miwili, ambaye huchukua kuku pamoja na sufuria ya kumpikia.

Wavu wa kuku unaouzwa sokoni, ule wa matundu ya pembe sita, ni wa kuzuia kuku asitoke. Kuzuia adui asiingie hauwezi. Kanu huingiza mkono, akamvuta kuku kichwa, akala alichopata, akaacha kilichobaki ukizike. Kwa hiyo nilitafuta wavu mgumu wa matundu madogo, wa aina ile wanayochekechea mchanga wa madini wachimbaji wetu. Ukiweza kuzuia malakiti isipite, panya atapita wapi? Pembeni nikataka wavu huohuo ulazwe chini kuzunguka banda, upana wa hatua moja, kwa sababu mnyama mchimbaji huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha hafikirii kurudi nyuma aanzie mbali. Mlango nikautilia komeo mbili, maana komeo moja ni fumbo jepesi kwa mwenye vidole.

Hayo yote nilimweleza fundi wa kuchomelea. Bahati mbaya maisha yake yote fundi huyu ametengeneza antivoli za madirisha, na chuma kikifika mikononi mwake kinajua njia moja tu. Alinirudishia banda la nondo. Zuri, nakubali. Vijana wanne walilishusha wakaomba fedha ya ziada. Mama mkwe alilizunguka, akagusa komeo, akanigeukia: «Sasa hii bakuku balifanya nini mpaka munabafunga mu kasho?» Kufikia jioni mtaa mzima uliliita Kasapa Ndogo, kwa heshima ya gereza letu kuu lililo upande huohuo.

Hapo ndipo Salatin na mimi tulipoachana. Banda jepesi linahama, lakini kila mwenye meno analifungua. Banda zito halifunguki, lakini nalo halikubali safari. Nikalifungia mipira ya pusupusu, ya mbele na ya nyuma. Likatembea! Lilitembea vizuri hata jirani mmoja akanionya kwamba mwizi sasa hahitaji kuvunja kitu; atashika mpini, atasukuma, na akikutana na watu barabarani atawasalimu kama mtu yeyote anayewahi soko. Nikanunua mnyororo na kufuli, nikalifunga kwenye mti wa avoka. Banda linalohama sasa likawa limefungwa kwenye mti.

Halafu kuna mambo ya mwaka wenyewe. Kiangazi, kuanzia Mei, ardhi ni ngumu na mipira inateleza vizuri, ila majani yote yamekauka au yameungua. Mvua ikirudi Novemba majani yanapendeza, na mipira inazama kwenye tope jekundu mpaka kwenye ekseli. Huko Virginia sijui wanafanyaje. Labda huko mbingu na ardhi hupanga ratiba pamoja.

Siafu wao hawakuhitaji kusoma ramani. Walipita katika wavu wa malakiti wakiwa wamejipanga, usiku, mvua imetoka kunyesha. Mama mkwe alitoka na majivu na jembe, akawahamishia kuku jikoni mikononi, wawili wawili, akiwaita kwa upole ambao mimi sijawahi kuitwa nao. Kuku walikataa kurudi. Wanalala huko hadi sasa, karibu na mfuko wa makala.

Banda halikukaa bure. Jirani yule wa maonyo ana jenereta, na umeme wetu mnaujua. Alikuja kuniomba nimkodishe Kasapa Ndogo. Tumeligeuza, tukaondoa vitagio, jenereta ikaingia bila kubishana. Hakuna kanu aliyeigusa, wala mwizi. Kodi ananilipa kwa mayai. Kuku wake wanalala juu ya mwembe.