Choo Kisichotunza Siri

Choo cha ombwe kina tabia moja: kila mtu akimaliza haja, kinatangaza. Kitufe kikibonyezwa, boti nzima inasikia mvumo, na bibi harusi aliyekuja fungate Unguja anatoka chumbani ameinamisha uso. Mimi, fundi wa boti hiyo ya watalii, mvumo ule kwangu ni habari njema. Kinachoninyima usingizi ni pampu.

Mambo yenyewe si mazito. Pampu hufyonza hewa kwenye tangi dogo, kisha ikatulia. Ukibonyeza, vali iliyo chini ya sinki la choo hufunguka, na hewa ya chumbani huingia kwa kishindo ikisukuma vyote vilivyomo. Maji ni nusu lita hadi lita moja. Choo cha nyumbani hunywa lita 6 na zaidi kwa mkupuo. Pampu itaunguruma kidogo kurudisha ombwe, halafu kimya. Ikiunguruma usiku wa manane na watu wote wamelala, ujue kuna mahali hewa inapenya.

Hapo namwaga maji kwenye sinki na kusubiri. Yakipungua, mpira wa sinki umechoka. Yakibaki, naomba dua, maana ugonjwa sasa uko kwenye vali za pampu, zile za mpira zenye midomo miwili mfano wa bata. Kuzifikia sharti ulale kifudifudi chini ya ngazi, tochi umeing'ata kwa meno. Faida yake ni kwamba mdomo unabaki umefungwa.

Huko nimeokota vitambaa vya kufutia watoto, vijiti vya masikio, hata kizibo cha dawa ya meno. Wenyewe hawajapatikana mpaka leo. Uliza wakati wa chai: wote wamekwenda chooni, hakuna aliyetupa kitu. Hata wanamaji wa Marekani yamewakuta. Kwenye Gerald R. Ford, meli yao ya kubeba ndege za kivita, mabomba ya vyoo vya namna hii yalikuwa yakiziba ovyo, na ripoti ya wakaguzi wa serikali yao ya mwaka 2020 ilisema kuyasafisha kwa asidi hugharimu kama dola 400,000 kila mara. Mimi nina siki na mkono wangu.

Msimamizi wa sheria kwetu ni nahodha. Kila safari huwapanga wageni na kuwahubiria: ukiacha karatasi laini, kisiingie chooni kitu ambacho hakijapita mdomoni. Majuzi pampu ikaanza kulia alfajiri. Nimefungua vali, na katikati ya midomo ile, imenasa barabara, mbegu ya ubuyu, wekundu bado haujaisha. Wageni wenyewe ubuyu hawaujui hata kwa kuuona. Kopo lake ni moja tu botini, nalo hukaa kando ya usukani.

Nikampelekea kwenye kisosi.

"Shikamoo, nahodha. Hii ya nani?"

Akaigeuza kisosini, akaitazama kwa makini.

"Marahaba, fundi. Kwani mdomoni haijapita?"