Mhadhara wa Profesa wa Chini ya Gari kwa Watu wa Pongwe

Waheshimiwa wa vijiwe vyote vya Pongwe, mafundi wa chini ya mwembe, madereva wa Noah za Segera, na ninyi wenye IST mlizozinyanyua mpaka kuku wanapita chini bila kuinama: kaeni, na atakayesinzia asikorome. Anayewahutubia ni Profesa wa Mambo ya Chini ya Gari, cheo nilichojitunuku mwenyewe kwa kuwa hakupatikana mtu wa kunitahini. Nimekuja kuufuta uzushi mmoja. Watu wanaamini kwamba gari likifungwa shokapu au bushi mpya ya dukani, isiyo ya kampuni iliyolitengeneza gari, kisha likaanza kugonga, basi spea ile ni feki, na aliyeiuza hana imani. Mimi nasema, na sayansi inanifuata nyuma kama utingo, kwamba mara nyingi spea hiyo inasingiziwa. Wa kuhojiwa kwanza ni mkono ulioifunga, na wa pili ni tamaa iliyoichagua.

Nianze na bushi, kiungo kinyonge kuliko vyote na kinachotukanwa kuliko vyote. Bushi ya wishiboni si beringi. Ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma kwa ndani na jingine kwa nje, na kazi yake si kuzunguka bali kujipinda kidogo na kurudi. Sasa tazameni kinachotendeka gereji. Gari liko juu ya jeki, tairi zinaning'inia, wishiboni imeinamia chini. Fundi anaingiza bushi mpya, anatia bolti, anakaza kwa nguvu zake zote na bomba la kurefushia spana juu yake, kisha anashusha gari. Wishiboni inapanda, lakini bomba la ndani limekwisha banwa kwenye fremu, kwa hiyo mpira unabaki umenyongwa. Umenyongwa gari likitembea, umenyongwa gari likilala uani, na kila tuta linaunyonga zaidi. Haupiti muda mrefu unachanika, na mwenye gari anarudi dukani ameushika mkononi kama kidhibiti, akimlaani Mchina. Vitabu vya utengenezaji vya makampuni ya magari husema wazi kwamba bolti hizo zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Najua mtaniuliza fundi ataingiaje uvunguni gari likiwa chini. Apeleke penye shimo. Kama hakuna shimo, aweke jeki ya pili chini ya wishiboni, karibu na gurudumu, ainyanyue mpaka gari lianze kuachana na jeki ya kwanza, ndipo akaze. Haigharimu shilingi, na labda ndiyo sababu haifanywi.

Shokapu nayo ina mateso yake. Fimbo yake imeng'arishwa kwa sababu inapita kwenye sili inayozuia mafuta, na mkwaruzo mdogo tu unaikata sili hiyo. Fundi akiona fimbo inazunguka wakati wa kukaza nati ya juu, anaishika kwa plaiya. Baada ya hapo mafuta yakivuja, ati shokapu ni mbovu! Halafu kuna shokapu nyingi zilizolazwa kwenye rafu za maduka, na hewa imeingia kwenye chumba cha mafuta. Hizo husimamishwa wima na kusukumwa chini na kuvutwa juu mara kadhaa kabla ya kufungwa. Zikifungwa bila hivyo, siku za mwanzo zinaweza kulegea na kulia. Na mlio wenyewe mara nyingi si wa shokapu. Gari likigonga pole pole kwenye vijituta vidogo, gurudumu moja likipanda na jingine likibaki, mshukiwa wa kwanza ni stebilaiza linki, kitu chembamba cha bei ndogo. Zifungue zote mbili, upite barabara ileile kwa mwendo wa maiti, maana gari litalala sana kwenye kona. Kelele ikikoma, umeshampata. Lakini fundi aliyesikiliza mara moja huku akitafuna mhogo hutangaza, "Shokapu hizo, bosi," na kwa bahati ya ajabu hitilafu siku zote huangukia kwenye spea ya bei kubwa.

Tuje kwenye tamaa ya kulinyanyua gari. Toyota IST iliingia sokoni Japani mwaka 2002, na mbele inakaa juu ya mfumo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson, ambao kufikia mwaka 1950 ulikuwa tayari chini ya Ford Consul huko Uingereza. Shokapu na springi ni nguzo moja, na nguzo hiyo ndiyo inayoshika mwelekeo wa gurudumu. Mtu akitia spesa ya sentimita 5 juu ya nguzo, gari linapanda, naye anajiona mbunge. Springi haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni pembe. Shafti ya urefu wa sentimita 40 ikishushwa ncha moja kwa sentimita 5, inaongeza pembe ya nyuzi 7 hivi kwenye sivijointi, na boljointi nayo inakaa upande usio wake. Matokeo yake ni mtetemo unapokanyaga mafuta, buti za raba kupasuka, na tairi kulika upande mmoja. Mwingine huacha spesa, ananunua springi nene. Huyu amsome Robert Hooke, aliyeandika mwaka 1678 kwamba springi hujikunja kwa kadiri ya uzito uliowekwa, kisha apige hesabu ya waya: ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 14 badala ya 12, mizunguko na upana vikiwa vilevile, unatoa springi ngumu zaidi kwa asilimia 85. Shokapu iliyopimwa kwa springi ya zamani haitaweza kuituliza hiyo, gari litaruka kila tuta, na jina baya litapewa shokapu.

Nasikia minong'ono huko nyuma kwamba feki zipo kweli. Zipo, nani amekataa? Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani haikamati bidhaa bandia kwa kujifurahisha. Boksi la shokapu lenye herufi za KYB haliapi kwamba ndani mna KYB. Lakini tumieni akili mliyopewa. Ukinunua shokapu mbili za boksi moja, chapa moja, siku moja, na upande mmoja tu ndio unaogonga, ughushi huo umechaguaje upande? Kabla ya kumshitaki muuzaji, legeza bolti za upande unaogonga na uzikaze upya inavyotakiwa. Shokapu dhaifu ya kweli kwa kawaida haigongi tu. Inaliacha gari likibembea baada ya tuta, na inaifanya tairi ilike mabonde mabonde.

Mwingine atasingizia barabara: malori ya saruji na mawe ya chokaa, vumbi jeupe, matuta ya barabara kuu. Nakubali nusu. Sisi twaendesha kushoto, kwa hiyo magurudumu ya kushoto ndiyo yanayokula kingo za lami zilizomeguka, na upande huo ukichoka mapema sitashangaa. Hewa ya chumvi ya pwani nayo hutafuna springi pale rangi ilipobanduka, hasa mzunguko wa chini kabisa unaokaa na matope, na hapo ndipo hukatika. Lakini barabara haiinyongi bushi kabla gari halijatoka gereji.

Kuhusu wanaokimbilia shokapu za mtumba kutoka Dubai kwa kuwa ni "orijino": raba huzeeka hata ikiwa kabatini, na sili iliyokwisha tembea kwingine haijui kwamba huku Pongwe inaanza safari mpya. Uorijino wake ulibaki kwa aliyeitumia. Maswali hayaruhusiwi, kwa kuwa majibu yote nimeshayatoa, ila mwenye IST ile nyekundu aliyeegesha mlangoni asogee hapa mbele na tairi yake ya kushoto, watu waione inavyolika upande wa ndani.