Mpime Mgeni Kabla ya Kumpa Kitanda

Jina la mtu huingia kwenye hifadhidata na kimkoba kimoja. Picha yake huja na masanduku, magunia na kuku. Basi wewe mwenyeji, ipokee hivi.

Kwanza, ipime. Katika MySQL, safu ya aina ya BLOB hubeba baiti 65,535 tu; picha ya pasipoti saizi iliyopigwa kwa simu huizidi kwa urahisi. Niliwahi kufungua rekodi za wanafunzi wa shule moja nikakuta sura zimekatwa: paji la uso lipo, macho yapo, kuanzia puani kushuka chini ni kijivu kitupu. Picha zilikuwa na kilobaiti 130 hivi. Seva ilikuwa imezimiwa masharti makali (strict mode), ikapokea nusu, ikamwaga nusu, ikatoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma. MEDIUMBLOB, yenye nafasi ya megabaiti 16, ingewatosha watoto wale wote. Nawe acha masharti makali yawake: heri seva ikatae picha kuliko kuikata.

Pili, chagua pa kuilaza. Mwaka 2006 watafiti wa Microsoft walipima jambo hili kwa SQL Server: vitu vya chini ya kilobaiti 256 vilifaa kukaa ndani ya hifadhidata, vya zaidi ya megabaiti 1 vilifaa kukaa kwenye mafaili. Mgeni mnene, basi, mpeleke ghalani, yaani kwenye mafaili. Kwenye daftari, yaani hifadhidata, andika anwani yake, aina yake na ukubwa wake.

Tatu, usiihifadhi kwa jina ililokuja nalo. Watu kumi watakuletea "picha1.jpg", na wa kumi atawafuta tisa. Ipe namba ya rekodi yake.

Nne, usiivike Base64 bila sababu. Kila baiti 3 hugeuka herufi 4, na mzigo huongezeka kwa theluthi nzima.

Tano, daftari na ghala vifanyiwe bekapu kwa pamoja. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari bila mali ni orodha ya vilivyopotea.

Leo, kabla hujafunga ofisi, rudisha rekodi moja kutoka kwenye bekapu. Fungua picha yake, uitazame mpaka kidevuni.