Makato, Mfanyakazi Bora

Kila Mei Mosi mabenki yetu hugawa vyeti na bahasha kwa wafanyakazi bora, na kila mwaka namuona yuleyule akirukwa. Atapewa dada wa kaunta, atapewa dereva wa meneja, mwaka mwingine atapewa hata mlinzi. Makato hapewi. Mwaka huu naomba nimpigie debe, maana mimi ni mteja wake wa siku nyingi na kazi yake naijua.

Kwanza, hachelewi. Ingia tawi lolote mwisho wa mwezi: madirisha sita, wahudumu wawili, na mmoja kati yao amesimama anaongea na simu. Kalamu imefungwa kamba fupi kiasi kwamba ili uijaze fomu lazima ulalie kaunta, na ukishailalia unakuta wino umekwisha. Ukutani kuna runinga inamwonyesha mteja anayecheka, hatujui amechekeshwa na nini. Ukifika dirishani, mtandao umekata. Lakini mtandao huohuo uliokataa kukupa hela yako, Makato haujawahi kumkatalia. Saa nane za usiku, Jumapili, hata sikukuu ya Idi, simu inalia: Ndugu mteja, akaunti yako imekatwa. Tawi limefungwa, meneja amelala, yeye yuko kazini. Wala hajawahi kuniomba kopi ya kitambulisho.

Tena ana ukoo. Ovadrafti, yaani kuruhusiwa kutoa zaidi ya kilichomo, inasemekana ilianzia Edinburgh mwaka 1728, Royal Bank of Scotland ilipomkubalia mfanyabiashara William Hogg achukue hadi pauni 1,000 juu ya alizokuwa nazo. Ulikuwa upendeleo wa watu wenye mali zao. Aliyeuteremsha mpaka kwetu walalahoi ni Makato, na shukrani hakupata.

Hesabu alijifunzia Marekani. Tuseme una dola 100 benki. Asubuhi umekunywa kahawa ya dola 4, mchana umekula kwa dola 9, alasiri umenunua dawa za dola 12, na jioni ikaja bili ya dola 95. Mtu wa kawaida angefuata siku ilivyokwenda: bili ya jioni tu ndiyo imezidi salio, basi faini moja. Makato alianza na kubwa. Bili ikapita, zikabaki dola 5. Dawa zikazidi, chakula kikazidi, kahawa nayo ikazidi. Faini tatu, na benki kubwa za huko zilizoea kutoza dola 35 kwa kila moja. Kahawa ya dola 4 ikawa ya dola 39, bila hata sukari kuongezwa. Kipaji hicho hakikumfurahisha Jaji William Alsup wa California, ambaye mwaka 2010 aliiamuru Wells Fargo iwarudishie wateja takriban dola milioni 203. Wivu haukosi mahali. Desemba 2024 mamlaka ya kulinda walaji huko huko ikapitisha kanuni ya kuzibana benki kubwa zisizidishe dola 5, na kabla kanuni haijaanza kazi, mwaka 2025, Bunge likaifuta. Makato ana watu.

Alipoingia kwenye simu hapo jirani Kenya, Januari 2019, kwa jina la Fuliza, alikuwa amekomaa. Umesimama dukani, mkate mkononi, salio halitoshi. Papo hapo unaongezewa, hakuna mdhamini, hakuna hati ya kiwanja. Anachukua asilimia moja ya kukufungulia mlango, kisha ada ndogo kwa kila siku ambayo deni linalala kwako. Ada hizo zilipunguzwa mwaka 2022. Hakununa, aliendelea na kazi. Na hela yoyote ikiingia, wa kwanza kula ni yeye. Iwe mshahara, iwe mchango wa msiba uliotumiwa ukanunue sanda, anajimegea chake kwanza ndipo wafiwa wafikiriwe. Niambieni ni mfanyakazi gani mwingine wa benki anayefuatilia kazi yake hadi matangani.

Wa kwangu hapa nyumbani si maarufu hivyo, ila bidii ni ileile. Hivi karibuni alipita mara mbili kwa ada moja, nikaenda tawini kuuliza. Sikwenda kulalamika, nilitaka tu kujua kama analipwa saa za ziada.

"Baba, sisi hatukati," dada wa kaunta akaniambia kwa upole. "Sistimu inakata yenyewe."

"Sasa mwanangu, hiyo sistimu nitaionea wapi?"

Akanishauri niombe taarifa ya akaunti, ndipo tuone. Kuchapiwa kuna bei yake, kwa kila ukurasa. Nikauliza nalipia dirisha gani.

"Usihangaike baba, itakatwa humo humo."

Nilikaa kwenye benchi na kurasa zangu bado zina joto la mashine. Ada iliyopita mara mbili nikaiona, imeandikwa kwa herufi tatu na namba ndefu ambayo dada mwenyewe hakuijua. Iliyobaki kuonekana ni bei ya kuchapiwa. Nikarudi dirishani kuiulizia.

"Hiyo haiwezi kuonekana leo," akasema. "Itatokea kwenye taarifa ijayo. Tukuchapie tena mwezi ujao?"