Daktari wa WhatsApp, GPA 2.6

Mama alianza kuniita Daktari siku nilipopanda ndege kutoka Mombasa kwenda Marekani, mwaka 2013. Sikuwa nimejiandikisha hata somo moja. Mwaka haujaisha, mtaa mzima wa Majengo ulikuwa umekubali, na shangazi yangu ameanza kunitumia picha za mguu wake kwenye WhatsApp. Si picha moja. Mguu kwa mbele, mguu kwa upande, mguu juu ya stuli. "Daktari, uvimbe huu ni wa nini?" Daktari mwenyewe wakati huo yuko Minnesota, kwenye nyumba ya wazee, anambadilisha nepi babu wa miaka 91. Nje kumeganda barafu, na asubuhi ya saa mbili ana mtihani wa kemia ya oganiki.

Mtihani ule nilipata F. Nililala kuanzia swali la tatu, na nililala vizuri sana.

Nyumbani Kenya kisa hiki kingeisha mapema. Ukimaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na A zako unaingia udaktari. Ukiwa na B+ kama yangu, unaambiwa kwa upole kwamba takwimu nayo ni kozi nzuri. Niliposhinda grinikadi ya bahati nasibu nikajua nimezikimbia alama. Kumbe Marekani hutoki sekondari ukaingia udaktari moja kwa moja. Kwanza unasoma shahada nzima ya miaka minne, ya kitu chochote, hata muziki, mradi upitie fizikia, kemia na bayolojia. Ndipo unaomba kusoma minne mingine. Yaani nilikimbia mtihani wa mwezi mmoja nikaangukia mikononi mwa GPA, wastani wa alama zako zote za chuo, ambayo ni KCSE inayofanywa kila wiki kwa miaka minne.

GPA inahesabiwa hadi 4. Walioingia vyuo vya udaktari mwaka 2023 walikuwa na wastani wa 3.77. Mimi nilihitimu na 2.6. Nilipomwambia mama, akauliza ni kati ya ngapi. Nikasema nne. Akapiga hesabu kimya, kisha akasema, "Basi si umevuka nusu?" Tangu hapo sijapata mtu mwingine aliyeitazama alama ile kwa jicho zuri namna hiyo.

Nilirudia ile kemia, nikapata B+, na chuo changu kikaifuta F. Nikachinja kuku. Kisha nikafika AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya udaktari hupokelea maombi, nikakuta wao hawafuti kitu: F iko, B+ iko, zote mbili zinaingia kwenye wastani. Ni kama umemlipa mwenye duka deni lake, amekushukuru, amekupa na peremende, lakini jina lako ameliacha palepale ukutani. Kulikuwa na mfumo wa pili, wa vyuo vya DO, yaani madaktari wa osteopathia, ambao ulikuwa ukikubali alama mpya ifute ya zamani. Uliacha mwaka 2017. Mimi nilihitimu 2018. Huko Texas nako kuna sheria inayomruhusu mkaazi wa jimbo kuomba masomo yake ya zaidi ya miaka kumi iliyopita yasitazamwe. Nikawaza kuhamia Texas nikakae nisubiri dhambi zangu zizeeke.

Ushauri unaopewa ni mmoja: rudi darasani, upate A tupu. Haya, tupige hesabu, maana aliyesomea takwimu ningekuwa mimi. Nina krediti 120 kwa 2.6. Nikisoma mwaka mzima, krediti 30, zote A, bila doa, GPA inapanda hadi 2.88. Mwaka wa pili, A tupu tena, inafika 3.07. Miaka miwili ya kuishi kama malaika, na bado sijaigusa hiyo 3.77. Umewahi kuona chai ya matangani, ile inayopikwa kwenye sufuria la kuogea mtoto? Basi nilikuwa natia sukari mle kwa kijiko.

Nikasoma hiyo miaka miwili. Mchana darasani, usiku kwa wazee wangu, na shangazi sasa amehamia kwenye goti.

Kisha kuna MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari. Alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528. Ukikosa kila kitu, unaondoka na 472. Sijui nani alikaa akaona hiyo ndiyo sifuri nzuri. Unaingia unakaguliwa mifuko, unapimwa kiganja, kisha unakaa humo zaidi ya saa saba, mapumziko yakiwemo. Sehemu moja nzima haina sayansi hata chembe. Unasoma makala, pengine ya falsafa, pengine ya majengo ya kale, halafu unaulizwa mwandishi angekubaliana na lipi. Mgonjwa anatapika, daktari anajua mwandishi angekubaliana na lipi! Nilipata 510. Mama akapokea habari hiyo kwa vigelegele, kwa sababu alijua GPA ni kati ya nne.

Baada ya hapo unaandika barua ya kueleza kwa nini unataka udaktari. Herufi 5,300, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Mtu wa Pwani! Mimi salamu peke yake zinamaliza 2,000 kabla sijauliza hali ya watoto. Kwa AMCAS unalipa zaidi ya dola 170 kwa chuo cha kwanza, arobaini na kitu kwa kila kinachofuata, halafu kila chuo kinakurudishia maswali yake na ada yake. Kimoja kikaniambia nieleze wakati niliposhindwa jambo. Hilo nililijibu kwa raha. Ndiyo mara ya kwanza GPA yangu kunifaa.

Niliomba vyuo 24. Vingi vilinijibu kwamba mwaka huu waombaji bora walikuwa wengi mno, lugha ya mwenye nyumba anayekwambia chumba kimeshachukuliwa huku kibao cha "chumba kipo" kiko mlangoni. Mwezi wa nne kimoja kikasema njoo. Chuo cha DO. Nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama. Nimepata. Nitakuwa DO."

Kimya. Kisha, "DO? Miaka yote hiyo Marekani, uje uwe DO wa Likoni?"

"Siye yule afisa wa wilaya wa serikali, mama. Huyu ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, kila kitu." Nikamweleza habari za Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa hao DO, na chuo chao cha kwanza kilichofunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Nikakosea nikaongeza kwamba wanafundishwa pia kutibu viungo na mgongo kwa mikono.

"Kwa mikono vipi?"

"Kama kukanda, mama."

"Kukanda." Nikamsikia akiondoa simu sikioni, akamwambia shangazi, "Amepata, atakuwa mkandaji kama bibi yake." Sauti ya shangazi ikaja kwa mbali: basi afadhali, maana hata hilo goti dawa haliisikii.

Dakika mbili baadaye simu ikalia. Picha tatu. Safari hii ni mgongo.