Mwongozo wa Injinia wa Kike Aliyeisoma Sheria Akaiamini

Hongera, dada. Umehitimu uhandisi wa ujenzi, jina lako limeingia katika sajili ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhandisi mhitimu, na barua ya kazi iko mkobani. Isitoshe, umeisoma Katiba ya 2010, na katika Ibara ya 27 umejionea kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, kwa sababu waliobaki hawajaisoma, au waliisoma wakaelewa wanavyotaka.

Tuanze na hiyo barua. Kabla ya kuwaaga jamaa, uliza kama kazi iliyotajwa humo bado ipo. Wangari Maathai alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na barua ya kumwajiri kama msaidizi wa utafiti katika zuolojia, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika akaambiwa kazi imeshapata mwenyewe. Yeye aliamini kilichomponza ni jinsia yake na kabila lake. Alinusurika kwa kuwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji watu. Mwaka 1971 Maathai akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, na hata hapo ikambidi yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wapiganie marupurupu sawa na ya wanaume, nyumba ikiwemo. Ilichukuliwa kwamba mwanamke aliyeolewa atapewa nyumba na mumewe. Zama hizo Ibara ya 27 haikuwepo. Sasa ipo, na ukinyimwa nafasi utapewa walau nakala ya sera ya jinsia, iliyochapishwa kwa rangi.

Sasa hesabu. Ibara ya 27(8) inaitaka serikali ihakikishe kwamba wa jinsia moja hawazidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Isome taratibu, kwa sababu wageni wengi hujikwaa hapa. Imesema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bodi ya shirika lako imo, kama ni shirika la umma. Idara ya usanifu wa madaraja haimo, wala kikosi cha upimaji hakimo, wala wale mafundi wanaokutazama ukishuka garini kana kwamba umekuja kuuza sera za bima. Ndiyo maana ukumbi wa bodi unaweza kung'aa kwa usawa huku ghorofa ya chini, wanakochora na kukokotoa, ukiwa peke yako, wewe na picha ya mwanamke kwenye kalenda ya kampuni ya saruji.

Na hata bodini, angalia wanavyokadiria. Tuseme bodi ina watu 11. Theluthi mbili ya 11 ni saba na ushei, kwa hiyo wanaume hawapaswi kupita saba na wanawake ni wanne. Utawasikia wahandisi wazima, wenye mihuri yao, wakikuambia kwamba theluthi moja ya 11 ni tatu na ushei, basi watatu wanatosha. Watu hawa hesabu ikiwaambia kiungo cha chuma kinahitaji bolti tatu na ushei hufunga nne bila kujadiliana, maana anayefunga tatu ataitwa kortini siku paa litakapoanguka. Ushei wa bolti hupandishwa, ushei wa mwanamke hushushwa.

Usidhani ni kutojua. Bunge la Taifa lina wabunge 349, na mswada wa kubadilisha Katiba unahitaji theluthi mbili yao, yaani 232 na ushei. Sijawahi kumsikia mheshimiwa yeyote akidai kwamba 232 wanatosha. Wote wanajua ni 233. Ni idadi hiyohiyo iliyokosekana ukumbini Februari 2019, wakati wa mswada wa kutekeleza kanuni hii ya theluthi mbili. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshasema mwaka 2012 kwamba sheria iwe tayari kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikafika, ikapita, ikaongezwa mwaka mmoja, ikapita tena. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Ukiambiwa kazini kwamba suala lako linashughulikiwa kwa awamu, jua kwamba meneja wako ana mfano mzuri wa kuiga.

Kwenye mikutano, usikae karibu na kalamu. Mwanamke pekee mezani huombwa aandike kumbukumbu, kwa sifa kwamba ana mwandiko mzuri, hata kama kila mtu ana kompyuta. Ukikubali mara moja umekubali hadi ustaafu. Mwenye kuandika hana nafasi ya kubisha, na kama hukubisha juu ya unene wa slabu, mwezi ujao utasoma kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba kikao kiliafikiana. Kuhusu chai sina la kukuongezea. Mama yako amekwisha kukuambia.

Jambo la zabuni linahitaji tahadhari zaidi, kwa maana linakuja na jamaa. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa kampuni za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na ipo siku itakufaa. Kabla ya siku hiyo atakuja shemeji. Atakuja Jumapili, baada ya chakula, na fomu. “Shemeji, wewe ni injinia, jina lako litatupa uzito. Weka sahihi hapa tu, kazi yote nitafanya mimi.” Jioni utakuwa mkurugenzi wa kampuni ya barabara ambayo ofisi yake ni simu ya shemeji. Kandarasi ikitoka, ripoti ya serikali itakutaja kama mwanamke aliyewezeshwa. Barabara ikibomoka mvua za kwanza, utatajwa tena. Mjibu kwa heshima kwamba utafurahi sana, mradi wewe uwe msimamizi wa kazi na yeye awe wa kuweka sahihi. Hatarudi kwa muda, na dada yako atakununia kwa muda huohuo.

Nimeyataja haya kwa kituo ili nifike kwenye lile linalowamaliza wengi, nalo halimo katika Ibara ya 27. Limo katika Sheria ya Wahandisi ya 2011. Kutoka mhandisi mhitimu hadi mhandisi mtaalamu, yule anayeruhusiwa kuidhinisha michoro kwa sahihi yake, unatakiwa uwe na uzoefu wa vitendo usiopungua miaka mitatu, kisha upite mtihani wa utaalamu. Uzoefu wa vitendo ni matope. Ni kusimama pale lori la konkriti likiwasili, kukataa mchanganyiko uliozidi maji, kugombana na nyapara kuhusu nafasi kati ya vyuma. Kumbukumbu za mkutano hazimo. Sera ya jinsia uliyoombwa kuiandaa, kwa vile ni “mambo yenu”, nayo haimo. Hotuba ya kuwahimiza wasichana wa sekondari wapende fizikia, ambayo utatumwa kuitoa kila muhula na mpigapicha wa kampuni nyuma yako, haimo pia.

Ujanja wenyewe uko hapo, na hauhitaji mtu mbaya hata mmoja. Sheria moja inataka uonekane, nyingine inataka uchafuke, na mabosi huona ni rahisi zaidi kukuonyesha. Miaka mitatu ikipita, mvulana uliyehitimu naye ana daftari lililojaa slabu, nguzo na mitaro. Wewe una vyeti vya ushiriki. Kisha kamati ya kupandisha vyeo itasikitika, na itasikitika kwa dhati, kwamba ingetaka sana kumteua mwanamke lakini hakuna aliyetimiza vigezo.

Likizo ya uzazi haihitaji maneno mengi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Inakupa pia haki ya kurudi kwenye kazi yako ileile, au nyingine inayofaa. Mradi wako wa daraja utakuwa “ileile”. Dawati la nyaraka litakuwa “nyingine”.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Usishangae kumkuta mkandarasi mwenye wafanyakazi 19 kwenye karatasi na sitini wakipanda ngazi.

Ukifika saiti, utagundua kwamba mwanamume yeyote mwenye helmeti safi huitwa injinia, hata kama ndiye dereva aliyekuleta. Wewe utaitwa “madam”. Itikia, toa kipimo, na uagize jaribio la slampu, yaani la ulaini wa konkriti, lirudiwe. Gambuti zitakuwa namba kumi, kwa hiyo beba zako. Na usiku uliotangulia kunywa maji kidogo, kwa sababu nitakayoeleza sasa.

Ombi la kwenda saiti liandike, usiliseme. Mwandikie msimamizi wako kwamba unaomba kupangiwa umwagaji wa slabu ya Jumamosi kama sehemu ya uzoefu wako, weka tarehe, ubaki na nakala. Katika Sheria ya Ajira, ukilalamikia ubaguzi, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea, na atatafuta karatasi. Hakikisha zilizopo ni zako. Mara nyingi utajibiwa kwa upole kwamba wangependa sana uende, ila saiti ile haina choo cha wanawake. Usikasirike. Omba jibu hilo kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyoo vilivyotengwa pale wanapofanya kazi wanawake na wanaume, kwa hiyo barua hiyo moja, juu ya karatasi yenye nembo ya kampuni, itakuwa imekiri makosa mawili chini ya sheria mbili. Mshukuru bwana msimamizi, na ukitoka ofisini upitie kwa mpiga chapa.